Mkopeshaji Mlangoni: Historia ya Deni katika Afrika Mashariki, kutoka Daftari la Dukani hadi Simu ya Mkononi

UTANGULIZI

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mstari wa 10 na wa 11, ipo sheria fupi ambayo mara nyingi hupitwa haraka katika mahubiri. Inamhusu mtu anayemkopesha jirani yake. Mtu huyo anaruhusiwa kupokea rehani, lakini hana ruhusa ya kuingia katika nyumba ya mkopaji ili ajichagulie mwenyewe. Imempasa kungoja nje mpaka mkopaji amtolee. Sheria haikatazi kukopesha, wala haikatazi kuweka rehani. Inachokataza ni kuvuka kizingiti. Hata mwenye deni anayo nyumba yake, na ndani ya nyumba hiyo yeye ndiye mwenye kuamua ni chombo kipi kitoke na kipi kibaki.

Katika makala haya tunakusudia kuichukua sheria hiyo kama kipimo, na kwa kipimo hicho kuitazama historia ya deni katika Kenya na Tanzania tangu karne ya 19 hadi siku hizi za simu za mkononi. Watu wengi huizungumzia teknolojia ya kidijitali kana kwamba ni jambo la vijana na burudani zao. Sisi tunaona kwamba imegusa fikra na maisha ya watu wetu kwa kina zaidi mahali pengine: pale mama muuza mboga, dereva wa bodaboda, mwalimu na mwinjilisti wanapokutana wote katika haja moja, yaani kuhitaji fedha leo wakati mshahara au mavuno ni ya kesho.

Hoja yetu ni hii. Kwa muda mrefu, kukopeshana katika nchi zetu kulitegemea kujuana. Kujuana huko kulikuwa na kasoro nyingi, lakini kulikuwa kwa pande mbili: aliyemjua mkopaji alijulikana naye. Deni la simu limeleta ujuzi wa upande mmoja. Mkopeshaji anamjua mkopaji hadi ndani ya nyumba, naye mkopaji hamjui mkopeshaji hata kwa sura. Badiliko hilo ndilo tunalotaka kulieleza, kisha tuulize Kanisa lina wajibu gani mbele yake.

1. DENI LENYE USO

Kabla ya benki kuenea katika nchi zetu, mikopo ilikuwapo tayari, tena mikubwa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pwani kwenda Tabora na Ujiji iliendeshwa kwa mali ya mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, waliwapa viongozi wa misafara nguo, shanga na nyaya za shaba, wakangoja miezi mingi, pengine miaka, mpaka pembe za ndovu zifike Pwani. Tippu Tip, ambaye jina lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikuwa mmoja wa waliokopeshwa na Taria Topan. Ilikuwa vigumu mno kwa tajiri wa Unguja kumkamata mdaiwa aliyekwisha kuvuka Ziwa Tanganyika. Kilichomrudisha mdaiwa Pwani kilikuwa zaidi ya yote jina lake, maana asiporudi hatapata tena mtu wa kumpa mali. Biashara hiyo ilichanganyika na dhambi kubwa ya utumwa, nasi hatuisifu. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba deni lilisimama juu ya watu wawili waliofahamiana.

Katika zama za ukoloni, sura iliyozoeleka ya deni ilikuwa daftari la dukani. Mwenye duka, aliyekuwa mara nyingi Mhindi, na baadaye Mwafrika pia, aliandika jina la mteja na vitu alivyochukua: chumvi, sukari, mafuta ya taa, jora la kaniki. Mteja aliiona kalamu ikiandika, hata kama hakujua kusoma. Alijua mwenye duka anakaa wapi, ana watoto wangapi, na mizani yake inapunja au haipunji. Mwenye duka naye alijua shamba la mteja limeota au limekauka. Msimu ukiharibika, wote wawili walijua sababu, na mazungumzo ya kuongeza muda yalianzia hapo.

Tusije tukaupamba wakati huo kupita kiasi. Mkopaji asiyejua kusoma aliweza kuandikiwa kilo mbili kwa moja. Katika njaa kubwa za karne ya 19, baadhi ya jamaa za bara karibu na Pwani zilifikia hatua ya kuwaweka watoto wao rehani ili wapate chakula, jambo linalotukumbusha kilio cha watu katika Nehemia sura ya 5. Unguja na Pemba, wenye mashamba ya karafuu walizama katika madeni hata serikali ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe kwa watu wa jamii nyingine bila kibali. Nako Kenya, sheria ya mwaka 1948 ilifanya deni la Mwafrika, lililozidi kiasi kidogo kilichowekwa, lisiweze kudaiwa mahakamani ila liwe limethibitishwa na ofisa wa serikali. Sheria hiyo ilijidai kumlinda Mwafrika, lakini ilimfungia pia mlango wa mikopo, kwa kumhesabu kuwa mtu asiyeweza kujua ahadi yake mwenyewe.

Hata hivyo, katika hali hizo zote, nyumba ilikuwa na mlango. Mwenye duka aliweza kukataa kumkopesha mtu tena, aliweza kumsema sokoni, aliweza kwenda kwa jumbe. Hakuweza kujua mambo ambayo mkopaji hakuyasema na majirani hawakuyaona.

2. DENI LENYE ZAO NA DENI LENYE KIKUNDI

Hatua ya pili ilikuja na mazao ya biashara. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 chama hicho kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kinachojulikana kwa herufi zake KNCU. Washarika wengi wa dayosisi zetu za Kaskazini ni wajukuu wa wanachama wa kwanza wa ushirika huo. Katika miongo iliyofuata, mkulima aliweza kuchukua dawa ya kahawa na mbolea kabla ya mavuno, na deni likakatwa katika malipo yake. Rehani ilikuwa kahawa yenyewe, ambayo kila mtu aliiona ikianikwa uani.

Deni la namna hii lilikuwa na mdundo wa mwaka. Lilingoja mvua, maua, kuvuna na kupima. Kahawa ikipigwa na ugonjwa, chama nacho kiliumia. Mkopeshaji alishiriki hatari ya mkopaji, apende asipende. Ushirika ulikuwa na matatizo yake: makarani wenye mikono mirefu, malipo yaliyochelewa, na mkono wa serikali. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika, navyo vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani ya wakulima ilikuwa imekwisha kupata jeraha.

Wakati huohuo akina mama walikuwa na njia yao. Upatu, ambao Kenya hufanana na michango ya vyama vya kina mama, haukuhitaji benki wala ofisi. Tangu miaka ya 1990, mashirika yaliyokopesha kwa dhamana ya kikundi yakaenea, na baada yake vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini, ambavyo kwa Tanzania tunaviita VICOBA. Mfano wa vikundi hivyo ulianzia Niger mwaka 1991. Wasomaji wengi wamekwisha kuliona kasha lao lenye kufuli tatu, na funguo tatu mikononi mwa watu watatu, hata kasha lisiweze kufunguliwa ila mbele ya kikao. Fedha huhesabiwa kwa sauti. Kila mmoja anajua nani amekopa, kiasi gani, na kwa ajili ya nini.

Vikundi hivi navyo vimewahi kuwatenda watu vibaya. Tumesikia habari za wanakikundi waliokwenda kwa mwenzao na kubeba godoro na masufuria huku watoto wakitazama. Hapo sheria ya Torati ilivunjwa waziwazi, maana waliingia ndani. Lakini hata hapo waliobeba godoro walijulikana kwa majina. Kesho yake walikutana na yule mama kisimani, na Jumapili walikaa naye kanisani. Uovu uliotendwa uso kwa uso unaweza kukemewa, na waliotenda wanaweza kutubu kwa mtu waliyemkosea.

3. SIMU ILIYOZALIWA KUTOKA KATIKA DENI

Watu wengi hudhani kwamba huduma ya fedha kwa simu ilibuniwa ili watu watumiane fedha. Historia yake ni tofauti kidogo. Majaribio ya kwanza ya M-Pesa yalianza Kenya mwaka 2005, katika Nairobi na Thika, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, na lengo lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la mikopo midogo la Faulu kupokea na kurejesha mikopo yao. Wakopaji waliokuwa katika majaribio hawakufika 500. Wabunifu wake, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, waliona kwamba watu waliitumia huduma hiyo kwa mambo ambayo hayakupangwa: walitumiana fedha wao kwa wao. Basi huduma ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi Machi 2007, mkopo uliwekwa kando, na neno lililotangazwa lilikuwa kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 huduma hiyo ikafika Tanzania, na kampuni nyingine zikafuata.

Faida yake ilikuwa kubwa, na Mkristo hana budi kuikiri. Kijana aliyeko Nairobi hakulazimika tena kumkabidhi utingo wa basi bahasha ya mama yake. Mgonjwa aliweza kuchangiwa nauli usiku uleule. Watafiti Tavneet Suri na William Jack, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, walikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini mkubwa, yaani kama asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo, na kwamba familia zilizoongozwa na wanawake zilifaidika zaidi. Ikiwa teknolojia imemwezesha mjane kuvuka mwezi mgumu, haitufai sisi kuidharau kutoka mimbarini.

Lakini kila fedha iliyotumwa iliacha alama. Nani alimtumia nani, saa ngapi, kiasi gani, mara ngapi kwa mwezi, aliweka vocha ya shilingi ngapi, na salio lilikaa siku ngapi kabla ya kwisha. Mwenye duka wa zamani aliandika alichokopesha tu. Daftari jipya liliandika maisha yote, wala halikuwa mbele ya macho ya mteja.

4. MASHINE INAPOMPIMA MTU

Mwezi Novemba 2012 kampuni ya Safaricom na Benki ya Biashara ya Afrika zilianzisha M-Shwari nchini Kenya. Mtu aliweza kukopa tangu shilingi 100 za Kenya, kwa kubonyeza simu, bila karatasi, bila mdhamini, bila kuonana na mtu. Mwaka 2014 huduma ya namna hiyo, M-Pawa, ikaanza Tanzania. Mwezi Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomkamilishia mtu malipo pale salio lake linapopungua, hata kukopa kukawa sehemu ya kulipa.

Yafaa tueleze kwa ufupi namna mambo yanavyokwenda. Mashine huchukua kumbukumbu za matumizi ya simu na kuzigeuza kuwa alama. Alama hiyo huamua kama mtu atapewa na atapewa kiasi gani. Akirudisha kwa wakati, kiasi huongezeka. Akichelewa, hupungua au hufungwa. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza ulikuwa wa siku 30 na ada ya asilimia 7.5. Kwa anayekopa shilingi 1,000, ada ni shilingi 75, na haionekani kuwa nyingi. Lakini anayekopa kila mwezi mwaka mzima hulipa shilingi 900 kwa ajili ya shilingi 1,000 zilezile. Mtu huyo ukimwambia riba yake ni asilimia 90 kwa mwaka atashangaa, kwa maana hakuna mahali simu ilipomtamkia hesabu hiyo.

Hapa ndipo tunaona fikra zikibadilika, na kwanza kuhusu wakati. Deni la kahawa lilikuwa la msimu. Deni la kikundi lilikuwa la wiki, nayo wiki ilikuwa na kikao. Deni la simu huja usiku wa manane, kwa dakika moja, wakati ambapo mtu hana wa kumwuliza. Wazee wetu walisema, haraka haraka haina baraka. Muda uliokuwa kati ya kuhitaji na kukopa haukuwa upotevu mtupu. Katika muda huo mume alimwambia mke, mke akamwuliza dada yake, na pengine haja yenyewe ikaonekana si haja. Simu imeuondoa muda huo, na pamoja nao imeondoa shauri.

Pili, fikra kuhusu uaminifu. Zamani mtu akiitwa mwaminifu, ilikuwa ni habari ya matendo yake mbele ya watu waliomwona. Leo tunasikia vijana wakiulizana, simu yako inakupa shilingi ngapi? Kiasi ambacho mashine humruhusu mtu kukopa kimekuwa kipimo cha thamani yake mbele ya wenzake, tena wapo wanaokopa bila haja, ili tu kiasi hicho kikue. Neno amana, ambalo kwa lugha yetu ni kitu ulichokabidhiwa na mtu anayekuamini, linaelekea kuhamia katika tarakimu.

Tatu, fikra kuhusu siri. Wengi huupenda mkopo wa simu kwa sababu hakuna anayejua. Haja hiyo ni ya haki. Mama aliyechoka kutazamwa katika kikao cha kikundi hupata pumziko. Lakini siri iliyomfichia majirani haikumfichia mkopeshaji, na shida ikija, mtu aliyekopa peke yake huzama peke yake. Uchunguzi uliofanywa na shirika la MicroSave na kutolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Wakenya milioni 2.2 walikuwa na mikopo ya kidijitali isiyolipika iliyochukuliwa kati ya 2016 na 2018, na karibu nusu yao walidaiwa kiasi kilicho chini ya dola 10 za Marekani. Nchini Tanzania uchunguzi wa kituo cha CGAP ulionyesha kwamba asilimia 56 ya wakopaji wa simu waliohojiwa waliwahi kuchelewa kulipa, na asilimia 31 waliwahi kushindwa kabisa. Mwenye duka angelimaliza deni la namna hiyo kwa maneno na debe la mahindi.

5. MKOPESHAJI ANAPOVUKA KIZINGITI

Simu zenye uwezo wa kupokea programu mbalimbali zilipoenea, lilitokea kundi jingine la wakopeshaji, ambao wengi wao hawakuwa benki wala kampuni za simu. Ili mtu apate mkopo, programu ilimtaka airuhusu kusoma majina yaliyomo katika simu yake, ujumbe wake, hata mahali alipo. Mkopaji mwenye haja alibonyeza kukubali. Siku ya malipo ikipita, baadhi ya wakopeshaji hao walianza kuwapigia simu na kuwatumia ujumbe watu waliomo katika orodha ile: shemeji, mwajiri, mwalimu wa mtoto, mchungaji. Waliambiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu, na pengine kwamba yeye ndiye aliyewaandika kuwa wadhamini wake. Mitaani Tanzania mikopo ya kikatili imepewa jina la kausha damu, na jina hilo limezifuata programu hizi pia.

Tulinganishe sasa na Torati. Rehani iliyochukuliwa hapa si nguo wala jiwe la kusagia. Ni uso wa mtu mbele ya watu wake. Mkopeshaji hakungoja nje aletewe. Aliingia, akazunguka vyumba vyote, akachukua majina ya jamaa na kuyaweka mfukoni tangu siku ya kwanza, kabla deni halijachelewa hata saa moja. Mtu wenyewe aliyeingia hana jina, na ofisi yake haijulikani iliko. Wanaoaibishwa si mkopaji peke yake, bali ndugu zake ambao hawakukopa kitu. Kile kilichokuwa nguvu ya jamii zetu, yaani kwamba mtu hayuko peke yake, kimegeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia.

Serikali zetu zimelitambua jambo hili, ingawa kwa kuchelewa. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019; mwaka 2020 Benki Kuu yake iliwazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa wasipeleke majina ya wadaiwa katika mashirika ya taarifa za mikopo; na mwaka 2022 kanuni za kuwapa leseni zilianza kutumika. Tanzania ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Kampuni ya Google nayo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo katika duka lake zisisome orodha za majina na picha za watumiaji. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Sheria hizi, kwa lugha ya Torati, zinajaribu kumrudisha mkopeshaji nje ya mlango. Tunazipongeza. Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu kwamba anao mlango.

6. LUTHER NA WAKOPESHAJI WA SIKU ZAKE

Si mara ya kwanza kwa kanisa letu kukutana na badiliko la namna hii. Martin Luther aliishi wakati ambapo fedha za makampuni makubwa kama ile ya Fugger wa Augsburg zilikuwa zikiibadili Ujerumani, na watu wa kawaida walidaiwa na watu wasiowaona. Aliandika juu ya riba mwaka 1520, tena mwaka 1524 katika kitabu chake juu ya biashara na riba, na mwaka 1540 aliwaandikia wachungaji akiwahimiza wahubiri dhidi ya riba na kuwanyima ushirika mtakatifu wala riba wasiotubu.

Katika maandiko hayo yapo mambo mawili yanayotufaa. La kwanza, Luther hakukataa kila mapato yatokanayo na fedha. Alivumilia kodi ya asilimia 4 hadi 6, lakini kwa sharti kwamba iwe juu ya ardhi iliyotajwa waziwazi, na kwamba mwenye fedha ashiriki hatari: ardhi isipozaa, naye asidai. Mkopeshaji anayepata faida mvua inyeshe isinyeshe, kwake Luther, alikuwa amejiweka mahali pa Mungu. La pili, alikuwa mkali juu ya mtu kumdhamini mwenzake, akisema kwamba hakuna mwenye uwezo juu ya siku ya kesho. Sasa wapo wakopeshaji wanaowafanya watu kuwa wadhamini bila hata kuwauliza, kwa kuwa tu namba zao zimo katika simu ya jamaa. Luther angaliona jambo hilo kuwa ubaya mara mbili.

Tunakubali kwamba hali zetu si za Wittenberg. Mwenye duka, benki, ushirika na simu vyote vinahitaji mapato ili viendelee. Swali la Luther, hata hivyo, bado ni swali letu: katika deni hili, nani anabeba hatari, na mkopeshaji amesimama wapi?

HITIMISHO: WAJIBU WA KANISA

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne kwa sharika zetu na kwa vyuo vinavyowaandaa watumishi.

Kwanza, hesabu ya riba ifundishwe. Katika mafundisho ya kipaimara, mafundisho ya ndoa na semina za vijana, mtu afundishwe kugeuza ada ya mwezi kuwa riba ya mwaka, na kusoma ni ruhusa zipi programu inaomba kabla ya kubonyeza kukubali. Amri ya saba, usiibe, kama Katekisimo Ndogo inavyoieleza, inatutaka pia kumsaidia jirani alinde mali yake. Siku hizi katika mali hiyo yamo majina na siri zake.

Pili, tuimarishe vyombo ambavyo kujuana kwake ni kwa pande mbili: vikundi vya kuweka na kukopa, na vyama vya akiba na mikopo vya sharika na dayosisi. Hatusemi virudi katika daftari la karatasi. Vinaweza kutumia simu kwa faida, na kasha la kufuli tatu likapumzika. Lakini kikao kisife, kwa sababu katika kikao ndipo mtu anapoweza kusema, msimu umeharibika, niongezeeni muda, naye akasikiwa na mtu mwenye masikio.

Tatu, Kanisa lenyewe lichunge mahali linaposimama. Sadaka na ahadi zinapotolewa kwa simu, tunapata daftari ambalo wazee wetu wa kanisa hawakuwa nalo. Tunajua nani ametoa, saa ngapi, na nani hajatoa. Ujuzi huo usigeuzwe kuwa fimbo. Kusoma mbele ya ibada majina ya wasiomaliza ahadi zao ni kufanya kwa jina la Kristo kile tunachowalaumu kausha damu.

Nne, mlango wa mchungaji uwe wazi kwa mdaiwa. Ujumbe wa kumwaibisha mshirika ukifika katika simu ya mchungaji, na mara nyingine umefika, asiusambaze, wala asimtazame mtu huyo kwa jicho jingine. Amtafute. Fedha za kulipa huenda asiwe nazo, lakini anaweza kuketi naye, kuyaandika madeni yote kwenye karatasi moja, kumsaidia kutambua yapi ni ya wakopeshaji wenye kibali na yapi sivyo, na kumpeleka kwa mamlaka zinazopokea malalamiko. Mara nyingi kitu cha kwanza ambacho mdaiwa amekipoteza ni mtu wa kumwambia.

Mungu aliyetoa sheria ile katika Torati hakuona aibu kutaja mlango wa mtu maskini. Aliuhesabu kuwa mlango kamili, kama wa tajiri. Katika mistari inayofuata anaamuru nguo ya maskini irudishwe jua linapokuchwa, ili mtu apate kulala. Simu haijui jua linapokuchwa. Sisi tunajua, na wapo watu katika sharika zetu ambao usiku wa leo hawatalala kwa sababu ya deni ambalo hawajamwambia mtu yeyote.